Kuvu Ikifa, Sumu Yake Hubaki Kwenye Mahindi

Kila msimu wa mavuno unapoingia hapa Makueni, hukutana na kauli moja ambayo nimechoka kuijibu kwa mkulima mmoja mmoja, hivyo leo naijibu kwa maandishi. Inasemwa kwamba mahindi yaliyoota kuvu yakianikwa juani hadi yakauke, yakapepetwa, yakaoshwa na kupikwa kwa muda mrefu, sumu inakuwa imekwisha. Juma hili kauli hiyo imetolewa barazani na mzee anayeheshimika, ambaye neno lake hufuatwa na kijiji kizima, na wengi waliomsikiliza walitikisa kichwa kwa kukubali. Mimi ni afisa wa ugani, na kwa heshima zote nasema kwamba mzee wetu amekosea, na kosa la namna hiyo limewahi kuzika watu katika eneo hili.

Mwaka 1981 wagonjwa 20 wa Machakos walifikishwa hospitalini wakiwa na ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye aflatoksini, yaani sumu hiyo ya kuvu, na 12 kati yao wakafa. Mwaka 2004, katika wilaya za wakati huo za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, wagonjwa walioorodheshwa hadi mwezi wa Julai walikuwa 317, na waliofariki 125. Mahindi ya nyumbani yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, na wachunguzi walipopima bidhaa za mahindi zilizokuwa zikiuzwa sokoni, zaidi ya nusu ya sampuli zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Waliokula mahindi hayo waliyapika kama sisi sote tunavyopika.

Kuvu inayotusumbua, *Aspergillus flavus*, ni kiumbe hai kinachoishi kwenye udongo na mabaki ya mazao. Aflatoksini ni kemikali ambayo kuvu hiyo huitengeneza na kuiacha ndani ya punje. Ukiyakausha mahindi, unaizuia kuvu isiendelee kukua, lakini kemikali iliyokwisha kutengenezwa haiendi popote. Ukiyaosha, unaondoa vumbi la kuvu lililo juu ya punje, si kilichoingia ndani. Ukiyachemsha, maji ya sufuria hayapiti nyuzi 100 au karibu na hapo, ilhali aflatoksini huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200. Kuyapika isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, kutwa nzima hakubadilishi jambo hilo, na kuyageuza kuwa pombe hakuyasafishi.

Kinyume chake pia ni kweli, nacho ndicho kinachowashangaza watu zaidi: punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu. Aflatoksini haina rangi unayoweza kuiona kwa jicho, haina ladha, na haina harufu ya kukuonya. Aidha, maambukizi mara nyingi huanza shambani kabla ya kuvuna, hasa mahindi yakipatwa na ukame na joto wakati punje zinajaa, au viwavi wakitoboa magunzi na kufungua njia. Kwa hiyo mkulima aliyeanika vizuri kabisa kwenye turubai anaweza kuwa ameanika mahindi ambayo tayari yana tatizo. Huyo si mzembe, na inaniudhi sana kusikia akilaumiwa.

Sasa nije kwenye muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa ganda, maana hapo ndipo mabishano huwa marefu zaidi, na ndipo ukweli nusu unapofanya madhara kuliko uongo mtupu. Wanawake wengi wameniambia kwamba mama zao walikoboa mahindi mabaya na hakuna aliyeugua. Wana hoja. Sehemu kubwa ya sumu mara nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, hivyo kukoboa huipunguza kwa kiasi kinachopimika. Lakini kupunguza si kuondoa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi nchini Kenya ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo, yaani chini ya miligramu moja katika gunia zima la kilo 90. Mahindi yaliyo juu kidogo ya kiwango hicho yanaweza kushuka chini yake baada ya kukobolewa. Mahindi yenye mamia ya mikrogramu kwa kilo, yakipoteza hata nusu ya sumu, bado ni hatari. Anayekoboa hana njia ya kujua ameshika mahindi ya aina gani. Tena makapi yanayobaki, ambayo sasa yamebeba sumu nyingi zaidi kwa kila kilo kuliko mahindi yenyewe, hupelekwa moja kwa moja kwa kuku na ng'ombe. Na kwamba hakuna aliyeugua si ushahidi, kwa sababu dozi ndogo ndogo za miaka mingi hazimfanyi mtu awe manjano wala kuvimba tumbo kesho yake. Huongeza uwezekano wa saratani ya ini, na hatari hiyo hupanda sana kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Suala la ng'ombe nalipitia haraka: usimpe mahindi uliyoyakataa mwenyewe. Mwili wake hubadili sehemu ya sumu hiyo kuwa aina nyingine inayotoka kwenye maziwa, na wanaoyanywa zaidi ni watoto.

Kuhusu kukausha, lengo ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kuuma punje kwa meno hakukuambii hilo. Njia ya chupa na chumvi ni bora zaidi: chupa kavu, chumvi iliyokaushwa vizuri, mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa, subiri kama dakika kumi na tano, na chumvi ikiganda ukutani mwa chupa mahindi bado ni mabichi. Hata hivyo, jaribio hilo hukuonyesha unyevu ulio juu ya asilimia 15 hivi, hivyo chumvi isipoganda usikimbilie kufunga magunia, anika tena. Mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi nzuri ya kuwanyima pumzi fukusi na dumuzi, lakini haikaushi chochote. Mahindi mabichi yakifungiwa humo hubaki mabichi.

Aflasafe nayo inaeleweka vibaya. Si dawa ya kuua kuvu. Ni punje za mtama zilizobeba aina za *Aspergillus flavus* zisizotengeneza sumu, ambazo hutangulia kuchukua nafasi shambani na kuwabana ndugu zao wenye sumu. Hutawanywa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Kuinyunyizia ghalani ni kupoteza pesa.

Yapo mambo ambayo mimi mwenyewe sina jibu lake la uhakika, na sioni faida ya kuyaficha. Tunawaambia watu wachambue mahindi na kutupa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, nyepesi na zilizotobolewa, na ushauri huo ni mzuri kwa sababu sumu hujikusanya kwenye punje chache. Lakini uzuri huo huo ndio ugumu wa kupima: punje moja mbaya inaweza kubeba sumu ya kuchafua kilo kadhaa, na kiganja cha mahindi kilichoikosa punje hiyo kitatoa majibu safi. Hata maabara nzuri hupima tu kile ilichopelekewa. Vilevile, namwambia mama mwenye magunia mawili baada ya msimu wa ukame ayateketeze yote, nami najua serikali haitamfidia na duka lililo karibu linauza mahindi ambayo hakuna aliyeyapima. Nimeendelea kutoa ushauri huo pale ambapo kuvu imeenea gunia zima, lakini pale ambapo imegusa sehemu ndogo namshauri achambue kwa ukali, na kwamba mchanganyiko wa chakula cha watoto wadogo usitegemee mahindi hayo, bali uegemee mtama, wimbi au mihogo kila inapowezekana, ingawa mtama nao hauna kinga kamili.

Anayetaka mahindi yake yapimwe asilete kiganja alichochota juu ya gunia. Achote kidogo kidogo kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia, achanganye vizuri kwenye turubai safi, ndipo apakie kilo mbili au zaidi kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huzuia unyevu kutoka na kuvu inaweza kuendelea kukua njiani.