Neno la Kiingereza "exemplary": tunavyolidhania na lilivyo

Wengi wetu tulikutana na "exemplary" kwenye cheti cha kumaliza shule, pale mkuu wa shule anapoandika kuhusu mwenendo wa mwanafunzi. Tangu hapo tukaamini mambo ambayo si kweli.

Dhana: Ni sifa njema siku zote.

Sivyo. Linaeleza jambo la kutolea funzo, liwe la kuigwa au la kuogopwa. Ukisoma hukumu yenye "exemplary damages", usidhani kuna aliyepongezwa. Hiyo ni fidia ya adhabu: mkosaji anatozwa zaidi ya hasara aliyosababisha, ili yeye na wengine wakome.

Mwaka 1763 jijini London, watu wa serikali walimpekua mbunge John Wilkes nyumbani kwake na kuchukua karatasi zake, kwa hati isiyotaja jina la mshukiwa. Alishtaki, akapewa pauni 1,000. Jaji Pratt alieleza kwamba fidia haikusudiwi kumridhisha aliyedhulumiwa tu, bali pia kumwadhibu mkosaji na kuzuia kitendo hicho kisirudiwe. Baadaye, mwaka 1964, mahakama ya juu ya Uingereza iliibana fidia hii ibaki kwa hali chache, mojawapo ikiwa ni watumishi wa serikali kukandamiza watu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo mwaka 1971 katika kesi dhidi ya Baraza la Manispaa ya Kisumu. Kwa hiyo neno hili linatuhusu hata sisi tusioandika Kiingereza kila siku: mwananchi akikamatwa kwa uonevu, wakili wake anaweza kudai fidia hiyo.

Dhana: Ni sawa na "excellent".

Pilau inaweza kuwa "excellent", lakini kuiita "exemplary" kunasikika vibaya. Neno hili hukaa vizuri na nidhamu, subira, utumishi au mahudhurio, yaani mambo ambayo mwingine anaweza kuyafuata.

Dhana: Huandikwa "examplary", kwa kuwa kuna "example".

Kosa hili limejaa kwenye barua za maombi ya kazi. Huanza na "exem", inayotamkwa "igzem", na mkazo wa sauti uko hapo kwenye "zem".

Na katika barua hizohizo, kujiita "exemplary" mwenyewe hakupendezi. Taja ulichofanya, kisha mwachie aliyekuwa msimamizi wako alitumie neno hilo anapokutolea maoni.