Masoko ya kijamii: kizuri kisichojiuza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maembe huenda ni kweli. Kwa afya ya jamii si kweli hata kidogo. Choo bora ni kizuri, chanjo ni nzuri, chandarua ni kizuri, na vyote hivyo vinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, huku soda na sigara zikifika hadi duka la mwisho la kijiji, duka ambalo hata dawa ya kutibu maji halina. Katika pengo hilo ndipo lilipozaliwa wazo linaloitwa masoko ya kijamii.

Jina hilo siku hizi linachanganya. Ukilitaja, mtu anadhani unazungumzia kuuza nguo Instagram. Hayo ni masoko ya mitandaoni, ni jambo jingine kabisa. Masoko ya kijamii ni kuchukua maarifa ya mfanyabiashara, yaani kumjua mteja, kumtengenezea kinachomfaa, kupanga bei, kukifikisha karibu naye na kukitangaza, kisha kuyatumia ili watu wabadili tabia kwa manufaa yao wenyewe. Mfanyabiashara akifunga hesabu hutazama fedha. Huku hesabu ni watoto wangapi walilala ndani ya chandarua usiku wa jana.

Neno lenyewe lilipata umaarufu mwaka 1971, wasomi wa masoko Philip Kotler na Gerald Zaltman walipoliandikia makala katika jarida la masoko la Marekani. Lakini kazi ilikuwa imeshaanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya India iliamua kuuza kondomu za Nirodh kwa bei ya chini sana, na badala ya kuzifungia zahanati ikazipitisha kwa kampuni zilizokuwa zikisambaza chai na sabuni. Gari la chai lilikwishaijua njia ya kijijini, basi kondomu nazo zikapanda gari hilohilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwetu Tanzania, katika bonde la Mto Kilombero. Mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga mkoani Morogoro, mradi uliojulikana kama KINET, ukiendeshwa na watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara, ulianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia. Bidhaa hiyo iliitwa Zuia Mbu. Lisome tena jina hilo: halitaji malaria. Aliyelala bonde lile wakati wa masika anajua sababu. Malaria ni ugonjwa unaokuja au usije, na mtoto ambaye hakuugua haonekani. Faida ya kinga ni kitu ambacho hakikutokea, na kitu ambacho hakikutokea ni kigumu kuuzwa. Lakini mbu anayelia sikioni saa nane za usiku anamkera kila mtu, mwenye elimu na asiye nayo. Usingizi mzuri mtu ataununua leo, na afya ya mwanawe itakuja humohumo.

Vyandarua viliuzwa na mawakala wa vijijini humohumo, na wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati ya punguzo kliniki. Ndani ya miaka miwili, sehemu ya watoto wachanga na wadogo waliokuwa na chandarua chenye dawa ilipanda kutoka asilimia 10 hadi 61. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliona kwamba uwezekano wa kuishi kwa watoto waliokuwa navyo, wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, uliongezeka kwa asilimia 27. Kila nikiikumbuka namba hiyo nashangaa kwamba wapo wanaoona matangazo ya afya ni pambo la bajeti.

Kabla ya kuuza, lakini, kuna kusikiliza, na hapa ndipo kampeni nyingi hujikwaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokwenda Bagamoyo waligundua kwamba kina mama waliifahamu vizuri homa ya malaria, ila kwao ilikuwa homa ya kawaida, ya kumezea vidonge. Mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, hiyo haikuwa malaria tena. Ilikuwa degedege, na wengi waliihusisha na pepo mwenye umbo la ndege. Degedege ilikuwa na waganga wake, na wapo walioamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Sasa weka bango barabarani lisemalo malaria inaua watoto. Mama atalisoma, atalikubali, na siku mwanawe akishikwa na degedege ataelekea kwa mganga, kwa sababu bango halikusema lolote juu ya degedege. Mama huyo hakukosa akili wala upendo. Aliyeandika bango hakumuuliza.

Bei nayo ina somo lake. Mwaka 2004 Tanzania ilianza mpango wa Hati Punguzo, mrithi wa kazi ile ya Kilombero, na ndani ya miaka michache ukaenea Bara yote. Mjamzito alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akaongeza kiasi kidogo cha fedha na kuchukua chandarua. Mpango ulikuwa na hekima: duka lilipata biashara, serikali haikuhitaji kujenga maghala kila kata. Lakini kile kiasi kidogo hakikuwa kidogo kwa kila mtu. Familia maskini zaidi ndizo zilizobaki na hati mkononi, na baadaye nyongeza ikashushwa hadi shilingi 500. Kampeni za kugawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto chini ya miaka mitano na kisha kwa kaya zote, zilifuata kuanzia mwisho wa muongo huo. Wapo waliosema kitu cha bure hakithaminiwi. Sikubaliani nao. Mwenye njaa hathamini chakula kwa sababu amekilipia.

Na vyombo vya habari? Kwa muda mrefu redio ndiyo iliyobeba mzigo huu, na mchezo wa redio umebeba zaidi ya hotuba. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Humo alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyeanza kama mke mvumilivu hadi akachoka na kusimama mwenyewe. Mkwaju anaambukizwa na kufa. Hakuna daktari aliyeingia studio kumwambia msikilizaji afanye nini. Msikilizaji alimwona Mkwaju katika shemeji yake, katika jirani yake, pengine katika nafsi yake, na maongezi yakaendelea nyumbani na kijiweni baada ya redio kuzimwa. Maongezi hayo ndiyo yanayobadili tabia. Redio huyawasha tu.

Watafiti walifanya jambo la nadra sana. Katika miaka miwili ya mwanzo, eneo lililosikiliza kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili lilinganishwe na kwingineko. Walipopima, matumizi ya uzazi wa mpango yalikuwa yamepanda zaidi mahali mchezo uliposikika. Kisha Dodoma nao wakarushiwa. Leo tunaridhika upesi mno: video imetazamwa mara laki tano, tunapongezana. Kutazama si kufanya. Laki tano hiyo haisemi ni wangapi waliopeleka mtoto chanjo.

Kipo pia kishawishi cha kutisha. Mafuvu na mifupa katika mabango ya mwanzo ya UKIMWI yaliwafanya watu waogope wagonjwa kuliko walivyouogopa ugonjwa, na mtu anayeogopa kujulikana haendi kupima. Hofu inafaa pale tu inapofuatana na jambo ambalo msikilizaji anaweza kulifanya, mahali anapoweza kufika, kwa fedha aliyonayo. Vinginevyo anaibeba hofu hiyo nyumbani bila pa kuitua.

Nami huona asili ya haya yote kwetu ni ya zamani kuliko jina lake. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu karibu milioni mbili, wengi wao wakiwa wamejifunza kusoma karibuni, wakakutana kila wiki chini ya mti, shuleni au uani kwa mtu. Walisikiliza kipindi redioni, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadili: malaria, kuhara, kichocho, minyoo. Kisha wakaulizana swali ambalo mabango yetu mengi hayaulizi, yaani sisi hapa, wiki hii, tunafanya nini. Majibu yalikuwa ya jembe na panga. Walifyeka majani kuzunguka nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo, na waliochelewa kumaliza shimo walijua kwamba wiki ijayo, kabla redio haijafunguliwa, wenzao watauliza limefika futi ngapi.