Mtumishi wa kiraia, na raia

Nimesikia tena redioni, katika kipindi kuhusu vita vya Iraq, kwamba walinzi wa ubalozi wa Marekani mjini Baghdad "walikuwa wakilinda raia". Msikilizaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba wenye bunduki walisimama kuwakinga wakazi wa Baghdad. Sivyo: waliolindwa walikuwa watumishi wa kiraia wa Marekani.

Mtumishi wa kiraia ni mwajiriwa wa serikali asiye mwanajeshi: mwanadiplomasia, mhasibu, mhandisi wa maji. Hupelekwa nchi iliyotoka vitani, au ambayo vita vyake havijaisha sawasawa, na kwa kuwa kazi yake si ya silaha, hana budi kulindwa. Maana ni hiyo tu. Matata yako kwenye neno raia lenyewe.

Raia limetoka kwenye Kiarabu, ra'iyya, yaani mifugo iliyo chini ya mchungaji. Mchungaji ni ra'i. Aliyezoea hotuba za Ijumaa anaijua hadithi ya Mtume isemayo kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya raia wake. Kutoka kwa mifugo neno likahamia kwa watu walio chini ya mtawala. Katika Dola la Uthmania, yaani la Waturuki, lililoshika Baghdad hadi 1917, watu waligawanywa mafungu mawili, askeri na reaya. Reaya ndio waliolipa kodi. Askeri walisamehewa, na humo hawakuwamo wapiganaji peke yao. Walikuwamo pia makadhi na makarani wa serikali. Kwa hiyo karani wa Baghdad ya zamani, hata kama hajawahi kushika upanga, hakuhesabiwa raia.

Kiswahili nacho kina maneno yote mawili, askari na raia, ila mpaka tumeuweka pengine: kwenye sare na silaha. Ndiyo maana polisi aliyeacha sare nyumbani tunasema amevaa kiraia, na mwanajeshi aliyestaafu amerudi uraiani. Kisha tukalitwika neno hilohilo mzigo wa pili, wa pasipoti: raia wa Kenya, raia wa Uganda. Maelfu ya raia wa Uganda waliajiriwa na kampuni za ulinzi kulinda kambi za Marekani huko Iraq. Walikuwa raia kwa pasipoti, na bunduki mkononi. Neno moja linabeba yote hayo, halafu tunalitupa hewani bila kulisindikiza.

Kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, nchi mwenyeji ndiyo yenye wajibu wa kulinda ubalozi na wanadiplomasia. Iraq baada ya 2003 haikuwa na uwezo huo, na Marekani ikakodi kampuni binafsi. Tarehe 16 Septemba 2007 msafara wa walinzi wa Blackwater, mojawapo ya kampuni hizo, wakiwa kazini kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, walimimina risasi kwenye mzunguko wa barabara wa Nisour, Baghdad. Watu 17 waliuawa, akiwamo mtoto wa miaka 9. Amri namba 17 ya utawala wa muda ulioongozwa na Marekani ilikuwa imekwisha kuwakinga makandarasi wa aina hiyo na mahakama za Iraq. Walinzi 4 walitiwa hatiani Washington mwaka 2014, wakasamehewa na rais Desemba 2020.

Msafara ule ulikuwepo kwa sababu ya kulinda watumishi wa kiraia. Waliokufa walikuwa raia, kwa pasipoti na kwa kukosa silaha. Sasa isome tena "walikuwa wakilinda raia" huku ndugu wa mmoja wa hao 17 akikusikiliza.

Ndugu mtangazaji, najua muda wa taarifa ni mfupi, lakini maneno machache yanatosha: "walikuwa wakilinda watumishi wa kiraia wa serikali ya Marekani". Raia, bila nyongeza, waachie wale waliokuwa ndani ya magari yao siku ile pale Nisour.