Injini ikizima angani: maana ya ndege kuelea

Habari ya ajali ya ndege ndogo aghalabu hutufikia kwa ufupi: injini ilizima, ndege ikaanguka, waliokuwemo wamefariki. Ukiisikia hivyo utadhani kuzima kwa injini ndiko kuanguka kwenyewe. Hata barazani Ngamiani utawasikia watu wazima wakisema injini ikinyamaza huko juu, basi tena. Sivyo. Baina ya injini kuzima na ndege kugonga ardhi kuna muda, na roho za watu huokoka au kupotea ndani ya muda huo.

Kinachoishikilia ndege hewani ni mbawa. Kazi ya injini ni kuisukuma mbele ili hewa ipite kwenye mbawa kwa kasi ya kutosha. Injini ikizima, rubani anaweza kuipata kasi hiyo kwa njia nyingine: anainamisha pua ya ndege kidogo, na kila mita anayoshuka inamlipa mwendo. Ni kama mtu anayeteremka kwa baiskeli kutoka Soni kwenda Mombo; hakanyagi pedeli, mteremko ndio unaomsukuma. Huko ndiko kuelea.

Kila ndege ina kipimo chake. Cessna 172, ndege ya viti vinne iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, husonga mbele takriban mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka, mradi rubani ashike mwendo wa karibu kilomita 125 kwa saa. Sasa tuirushe kutoka Tanga kwenda Pemba. Mkondo wa Pemba una upana wa karibu kilomita 50. Injini ikizima katikati ya mkondo na ndege iko mita 1,500 juu ya bahari, itaelea kilomita 13 hivi, na nchi kavu iko kilomita 25 kila upande. Hapo ni majini. Ingekuwa mita 3,000 juu, ingefika ufukweni kwa taabu, na upepo ukiwa wa mbisho isingefika. Ndiyo maana rubani mwangalifu wa ndege ya injini moja hapendi kuvuka bahari akiwa chini chini, hata kama mandhari ni nzuri.

Injini huzima kwa mambo ambayo mengine ni ya kawaida kabisa. Mafuta huisha. Maji huingia kwenye tangi. Kwa hiyo kabla ya safari rubani hukinga mafuta kidogo kwenye kikombe angavu na kukiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu, na maji yakiwemo hukaa chini yake, meupe. Tena kuna barafu. Ndiyo, barafu, hata kwenye pwani yetu yenye joto: hewa yenye unyevu ikipita kwenye kabureta, sehemu ya injini inayochanganya hewa na mafuta, hupoa ghafla, kwa nyuzi 30 au zaidi, na unyevu huo ukaganda na kuziba njia ya hewa.

Pabaya kuliko pote ni mara tu baada ya kuruka. Ndege iko mita 150, injini inakata, na uwanja uko nyuma tu. Moyo wote unasema geuka. Lakini ili kuurudia uwanja ule ule haitoshi kugeuka nusu duara, lazima kuzidisha ndipo uinyooshee njia, na kila sekunde ndege inashuka. Rubani akiona ardhi inakaribia, hulaza ndege ubavu zaidi na kuvuta pua juu. Ndege iliyolala nyuzi 45 inahitaji kasi zaidi kwa asilimia 19 ili isipoteze nguvu ya mbawa. Ikilala nyuzi 60, asilimia 41. Kasi hiyo haipo. Bawa likiukabili upepo kwa pembe inayozidi nyuzi 15 au 16 hivi, hewa haifuati tena mgongo wake, inavurugika, na ndege inadondoka kweli. Hali hii ndiyo stoli. Nyingi ya ajali tunazoambiwa ni za injini, kilichoua ni hii. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa urubani hufundishwa kwenda mbele, wachague shamba, barabara au maji yaliyo karibu na pua ya ndege, wagonge polepole huku mbawa zikiwa sawa. Ndege inaweza kuharibika yote na watu wakatoka wazima.

Kwa abiria, kuelea kunampa dakika chache za kufunga mkanda barabara na kuvaa jaketi la kuokolea. Avae, asilijaze upepo mpaka awe nje ya mlango. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta, ikaelea na kutua baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, yakawabandika kwenye dari.