Baga ya dakika mbili haijapashwa kwenye maikrowevu

Wateja wengi huamini kwamba nyama ya baga inayotoka jikoni haraka hivyo lazima iwe ilishapikwa zamani, ikapashwa tu kwenye maikrowevu. Si kweli, angalau kwa migahawa mikubwa. McDonald's, kwa mfano, hutumia jiko lenye mabamba mawili ya chuma yaliyoungana kama kitabu. Nyama mbichi, mara nyingi ikiwa bado imeganda, hupangwa kwenye bamba la chini, kisha la juu hushuka na kuibana. Utasikia mchachatiko, mvuke utafuka pembeni, na hakuna anayeigeuza kwa sababu pande zote mbili zinaiva kwa pamoja. Wembamba wa nyama yenyewe ndio unaomaliza kazi: joto halina safari ndefu kufika katikati, ambako linapaswa kufikia nyuzijoto 71 hivi.

Burger King wao hupitisha nyama kwenye mnyororo unaotembea juu ya miale ya gesi. Huo ni moto kweli.

Ila ile mistari myeusi juu ya nyama isikudanganye kwamba imechomwa kwa moto. Bamba lenye matuta huichora vilevile, bila mwale hata mmoja.