Je, wajua kwa nini tusi la utotoni huweza kuibukia kwenye sahani ya mtu mzima?

Kwa miaka mingi niliamini matatizo ya ulaji ni ya mabinti wa Ulaya wanaojinyima chakula ili wawe wembamba. Hapa Mtwara, ambako aliyenenepa husifiwa kuwa amependeza, niliona hayatuhusu. Kumbe jirani yetu mmoja pale Chikongola alikuwa anaumwa. Mbele za watu alikula kidogo. Usiku alijifungia na sufuria ya ming'oko au mkate mzima, akala haraka mpaka tumbo likamuuma, na asubuhi hata chai aliikataa kwa aibu. Tulimwita mlafi. Mimi nilimwita hivyo usoni pake, na hadi leo linaniuma.

Mlafi hufurahia chakula. Huyu hali kwa raha: anakula bila njaa, kwa kificho, anashindwa kuacha, kisha anajichukia. Madaktari wa akili wa Marekani waliupa ugonjwa huu wa kula kwa kupindukia nafasi yake kamili kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 2013. Anayeugua anaweza kuwa mnene au mwembamba, mwanamke au mwanamume. Tamaa ya wembamba ni njia moja tu ya kufikia huko.

Njia nyingine huanzia nyumbani. Tafiti nyingi zimeona kwamba watu wazima waliokulia kwenye matusi, kudhalilishwa na kutishiwa kuachwa hupata zaidi matatizo haya, hasa kula kwa kupindukia na bulimia, yaani kula kisha kujitapisha. Na si jambo la mbali: katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009, takribani robo ya vijana walisema mtu mzima aliwafanyia ukatili wa kihisia kabla hawajatimiza miaka 18.

Tusi linafikaje tumboni? Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sasa fikiria kijiji chenye mbiu ya mlio mmoja tu: nyumba ikiungua inalia, mtu akifariki inalia vilevile, mkutano ukiitishwa ni ileile. Watu watakimbia na ndoo za maji hadi msibani. Mtoto hujifunza kutofautisha milio ya mwili wake kwa kusaidiwa na mtu mzima: "Umechoka, mwanangu," "Hiyo ni njaa," "Najua una huzuni." Anayeambiwa kila siku "Nyamaza, huna faida" hapati somo hilo. Hofu, upweke na njaa vinabaki mlio mmoja kifuani. Chakula ndiyo ndoo iliyo karibu, na kwa dakika chache kweli kinatuliza. Halafu kwa kuwa mbiu inalia kila jioni, mwili unakaa macho muda wote, na homoni ya msongo iitwayo kotisoli ikidumu juu huweza kuchochea hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta.

Hapa tahadhari inahitajika. Tafiti nyingi huwauliza watu wazima wakumbuke utoto wao, kwa hiyo zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi chanzo. Urithi wa damu nao umo, na wengi waliotukanwa hawaugui.

Katika tiba ya mazungumzo, mgonjwa huanza kwa kula kwa saa zinazojulikana na kuweka daftari. Anaandika alichokula, na pembeni yake anaandika kilichotokea, na alichohisi, kabla hajaigusa sufuria.