Ganzi ya Vidole Juu ya Baiskeli: Maswali ya Wanaoishi Nchi za Baridi

Oulu, kaskazini mwa Finland, watu huendesha baiskeli hata Januari, njia zikiwa zimekwanguliwa theluji. Wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo nao wapo nchini humo, na ukipanda baiskeli huko, kilio huanzia vidoleni.

Mbona miguu ina joto na mikono inaganda?

Miguu inafanya kazi. Mikono imetulia tu kwenye usukani, tena ndiyo iliyotangulia kupokea upepo. Baridi ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, mwendo wa kilomita 20 kwa saa hufanya ngozi ihisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri, hata kama hakuna jani linalotikisika. Isitoshe, mwili ni bahili: ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya vidoleni ili joto libaki kwa moyo, mapafu na ubongo. Glavu haitengenezi joto, hutunza lile lililoletwa na damu. Ndiyo maana mwenye koti jepesi hununua glavu za bei mbaya na bado analia. Anza na kifua, shingo na kichwa.

Ninunue glavu gani?

Zile zenye kidole gumba peke yake pembeni. Vidole vinne vikilala chumba kimoja hupashana joto. Ukishindwa kushika breki, ziko za sehemu tatu, kama gando la kaa. Zisikubane, maana zikibana damu haipiti. Ndani sufu nyembamba, nje kitambaa kisichopitisha upepo, na zifunike kifundo cha mkono, ambapo mshipa hupita karibu na ngozi.

Kwa maoni yangu, kinachoshinda vyote ni mifuko minene inayofungwa kwenye usukani wenyewe: unaingiza mkono, unakuta breki humo humo. Baiskeli itaonekana imevaa soksi. Wacha wacheke.

Na glavu zivae ukiwa bado ndani ya nyumba. Anayezivaa baada ya kuhangaika na kufuli la chuma ameshachelewa.

Ganzi ikianza njiani?

Shuka. Zungusha mkono mzima kama pangaboi, damu isukumwe hadi ncha za vidole, au vifiche kwapani. Vikizinduka vitawaka kama vimepakwa pilipili. Hiyo ni damu inarudi.

Hatari ni lini?

Kidole kikiwa kigumu, hakihisi kitu, na ngozi imekuwa kama nta. Kwenye ngozi nyeusi usingojee weupe wa karatasi, angalia mpauko na rangi ya kijivu. Na tusifichane: uchunguzi katika majeshi ya Marekani na Uingereza umeonyesha kuwa askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Usishindane na jirani Mfini anayepita na glavu nyembamba.

Usikisugue, usikipake theluji, usikiote moto, maana kitaungua bila wewe kujua. Ukifika mahali ambapo hakitaganda tena, kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, kisha nenda hospitali.

Nina selimundu, niendeshe?

Siku za baridi kali panda basi. Baridi huweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Na kama vidole vyako hupauka na kufa ganzi hata ukishika tu kitu cha kwenye friji, mwone daktari. Ukivuta sigara unajiongezea, maana nikotini hubana mishipa ile ile.